Simu Yapima Mwendo wa Mgonjwa

Mzee akianza kuburura miguu na kuyumba anapogeuka, usikimbilie kusema ni uzee. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817.

Taabu ni kwamba mwendo hubadilika saa kwa saa, dawa ikishika au ikiisha nguvu, naye daktari humwona mgonjwa dakika chache tu. Ndipo mnamo Machi 2015 shirika la Marekani, Sage Bionetworks, likazindua programu ya mPower kwenye iPhone. Mgonjwa alitia simu mfukoni (ndiyo hiyo tunayogombania na watoto!), akatembea hatua 20, akageuka, akasimama kimya nusu dakika. Vipima-mwendo vya simu vikanasa kila mtikisiko, kabla ya dawa na baada yake.

Anayeyumba asijipime peke yake. Mtu asimame karibu naye.