Kishikwambi cha droni kipimwe juani, si dukani

MWALIMU mmoja wa Jiografia katika shule ya upili huko Pwani aliniletea swali juma lililopita, nami nikaona si haki nimjibu peke yake, maana shule zinazokabiliwa na swali hilo hilo zinazidi kuongezeka. Chama cha mazingira cha shule yake kimepewa zawadi ya droni, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo hubeba kamera kifuani. Mfadhili aliitoa ndege pamoja na rimoti yake, ila rimoti yenyewe haina skrini. Ina kishikizo tu cha kutilia simu. Wazazi nao wamechanga shilingi 45,000 ili chama kinunue kishikwambi cha kutazamia picha zinazotumwa na ndege ikiwa angani. Mwalimu anauliza: anunue kipi? Kikubwa kuliko vyote? Chenye kumbukumbu nyingi? Au avitoe kabatini vile vya darasa la kwanza ambavyo shule jirani imekubali kumwazima?

Yamkini msomaji atashangaa ni vipi swali la namna hiyo lipelekwe kwa mtu wa isimu. Sababu ni kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya majina ya mahali baharini kutoka kwa wavuvi wa Kwale, na katika kazi hiyo nilijifunza, kwa gharama yangu mwenyewe, jambo ambalo muuzaji hakunieleza.

Ukimkuta mzee amekaa barazani kule Gazi ukamwuliza majina ya bahari yake, atakupa kumi. Ukiingia naye katika mashua atakupa ishirini. Lakini ukimwonyesha bahari hiyo kutoka juu, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa na kila fungu, mwamba, hori na mkondo ukiwa wazi kama mistari ya kiganja, majina hayakomi. Wazee wawili watabishana kuhusu mahali jina moja linapoishia na jingine linapoanzia, na ubishi huo ndio hasa data ninayoitafuta. Kwa simu haiwezekani. Simu ni ya macho mawili. Wa tatu akisogea, wa kwanza amefunikwa. Kwa hiyo nilikwenda Nairobi nikanunua kishikwambi cha inchi kumi, kizuri, kinachong'aa, kilichonipendeza sana chini ya taa za duka.

Saa sita mchana nikiwa ufuoni, ndege ikiwa imeshapaa, nilimkabidhi mzee kishikwambi. Alikitazama kwa makini, akakigeuza huku na huku, kisha akasema, "Mwalimu, bahari siioni. Namwona mzee mwenye kofia." Wenzake walicheka, nami nikacheka kwa shida. Ndege ilikuwa juu ya maji, betri inapungua, na mimi niliyekuwa nikiiongoza sikuweza kusoma hata tarakimu moja iliyoandikwa katika skrini ile.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Wako wanaoiita skrini kioo, na wako wanaoiita kiwambo. Neno kiwambo linatokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Ni kitu kilichotandazwa ili kipokee. Kioo ni kile ambacho mtu hujitazamia asubuhi. Nilikuwa nimenunua kiwambo, na jua la Gazi likakigeuza kioo.

Mwenzangu wa idara ya Fizikia alinifafanulia baadaye kwamba mwangaza wa jua la mchana usio na wingu hufikia takriban laksi 100,000, ilhali darasa au duka lenye taa nzuri huwa na laksi mia tatu hadi mia tano hivi. Yaani macho yetu hutoka katika mwangaza mmoja na kuingia katika mwingine ulio mara mia mbili au zaidi, yakajirekebisha bila sisi kujua, ila skrini haina uwezo huo. Nguvu yake ya kung'aa hupimwa kwa niti. Vishikwambi vingi vya bei nafuu havizidi niti mia tatu au mia nne. iPad mini ya inchi 8.3, ambayo warushaji wengi wa droni huipenda, hutoa niti 500 kwa kipimo cha watengenezaji wenyewe. Sasa linganisha na rimoti ambazo kampuni ya DJI huziunda zikiwa na skrini yake ndani: ile iitwayo RC 2 ina niti 700, na RC Pro ina niti 1,000, ingawa zote mbili ni za inchi 5.5 tu. Waliokusudia kifaa kitumike nje walipunguza ukubwa wakaongeza mwanga. Sisi wanunuzi hufanya kinyume chake kwa sababu ukubwa huonekana dukani na mwanga hauonekani.

Kwa hakika karibu kila kitu kinachosifiwa dukani hakina faida kwa kazi hii. Muuzaji atakutajia wingi wa nukta za skrini. Lakini picha inayorushwa kutoka angani hadi kwenye rimoti kwa mawimbi ya redio, na kutoka hapo kwa waya hadi kwenye kishikwambi, aghalabu ni ya mistari 720 au 1,080 tu. Skrini yenye nukta nyingi zaidi ya hizo haitakuonyesha samaki ambaye hakutumwa. Picha zenye ubora kamili hubaki katika kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya ndege yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, kumbukumbu kubwa ya kishikwambi nayo si hoja.

Tuje kwa vile vishikwambi vya darasa la kwanza. Serikali ilianza kuvigawa mwaka 2016, na nchi ikavizoea vifaa vya aina hiyo zaidi katika sensa ya 2019, ambayo ilianza usiku wa tarehe 24 Agosti kwa maafisa kubisha hodi wakiwa na vishikwambi badala ya makaratasi. Kwa kazi zile vilifaa: kimoja husomwa chini ya paa la darasa, kingine kizingitini mwa nyumba usiku. Hakuna aliyekusudia visomwe ufuoni saa sita. Isitoshe, kifaa kilichofungwa na aliyekitoa hakipokei programu ya nje, na programu ya DJI Fly ya Android kwa miaka kadhaa imekuwa ikichukuliwa moja kwa moja kutoka kwa kampuni, si katika duka la programu la Google. Mfumo wa kifaa ukiwa mkongwe, programu itakataa kuingia, au itaingia na kuganda ndege ikiwa hewani, jambo ambalo ni baya zaidi. Simshauri mwalimu avitumie kuongozea ndege. Avitumie darasani alasiri, picha zikiwa zimeshatolewa katika kadi. Hapo vitafanya kazi vizuri kabisa, na wanafunzi arobaini watafaidi kuliko kukitolea macho kimoja.

Swali ambalo mwalimu hakuniuliza ndilo ninaloliona kubwa: kishikwambi hicho ni cha nani? Kama ni cha mrushaji, basi sioni haja ya kukinunua. Simu ya kisasa inatosha, nyingi kati yake zinang'aa kuliko vishikwambi, na hukaa katika kishikizo cha rimoti bila nyongeza. Kishikizo cha rimoti ya RC-N1, mathalani, hakipokei kitu kinachozidi urefu wa milimita 180 na upana wa milimita 86. iPad mini, kwa udogo wake wote, ina milimita 195.4 kwa 134.8, na italazimu kununua kishikizo kingine cha kando. Uzito nao huegemea viganja, na dole gumba lililochoka haliongozi ndege vyema.

Tena kuna hatari ambayo skrini kubwa na nzuri huizidisha. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu vyombo hivi, licha ya kutaka chombo kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na kisipande zaidi ya futi 400 juu ya ardhi, zinamtaka mwendeshaji akione chombo chake kwa macho yake mwenyewe, isipokuwa amepewa idhini nyingine. Nimewatazama wanafunzi wangu wakirusha. Kadiri skrini inavyopendeza ndivyo shingo inavyoinama, na mwewe wa Pwani, ambao hawapendi mgeni angani mwao, huja kutoka upande ambao kamera haitazami. Mrushaji aliyezama katika skrini hajui kama kuna mnazi nyuma ya ndege yake mpaka ausikie.

Lakini kama kishikwambi ni cha darasa, nakubali na kuunga mkono kwa mikono miwili. Hapo utaratibu wote hubadilika. Rimoti ibaki mikononi mwa mwalimu, macho yake yakiwa juu. Kishikwambi kisimamishwe kando yake juu ya kigoda cha miguu mitatu, kikiunganishwa na rimoti kwa waya wa mita moja, chini ya mwavuli mkubwa wenye rangi nyeusi ndani, kama ule wanaoutumia wauza madafu. Mwanafunzi mmoja ateuliwe kuwa msomaji. Kazi yake ni kutamka kwa sauti kile ambacho mrushaji anahitaji kukijua: urefu, umbali, betri. "Mita sitini. Betri asilimia hamsini." Wengine watazame na kuchora. Katika safari zangu za karibuni nimefanya hivyo, mzee mmoja akiwa ndiye msomaji wa majina na mwanafunzi akiwa msomaji wa tarakimu, na sijapata tena kuipoteza ndege machoni.

Kivuli kina fadhila nyingine. Apple wenyewe wanasema iPad itumike pahali ambapo joto halizidi nyuzi 35, na ikipata joto jingi hupunguza mwanga wa skrini ili ijiokoe. Kwa hiyo kile kifaa ulichokinunua kwa ajili ya mwanga wake hufifia saa ile ile ambayo jua limekuwa kali. Wanaokitia ndani ya kisanduku cheusi cha kuzuia mng'ao wajue kwamba wanakipika. Na mwenye miwani ya jua ile ya kukata mng'ao wa maji aivue kwanza. Nyingine hufanya skrini ionekane nyeusi kabisa ukiigeuza upande mmoja, na nimemwona mtu mzima akikirudisha kifaa dukani kwa kosa la miwani.

Jambo la mwisho ni la wale watakaorushia chomboni. iPad isiyo na nafasi ya kadi ya simu haina GPS ndani yake. Ukiwa uwanjani hilo si neno, kwa kuwa ndege ina GPS yake na hukumbuka ilipoondokea. Ukiwa katika mashua, hata hivyo, mahali ilipoondokea ndege si pale ulipo dakika kumi baadaye, na ikiamua kurudi yenyewe itashuka kwa adabu zote juu ya maji. Ili kuihamisha alama ya kurudia, programu hutaka kujua wewe mwenyewe uko wapi, na kifaa kisichojua hakiwezi kuieleza. Ramani pia zifunguliwe mapema palipo na intaneti, kwani mikokoni mtandao ni wa kubahatisha.

Kwa mwalimu wangu, basi, jibu ni hili. Aachane na inchi kumi. Inchi nane zinatosha vichwa vitano chini ya mwavuli mmoja, na darasa litazame kwa zamu. Aulize niti kabla ya kuuliza bei, na akikuta muuzaji hajui niti ni nini, aombe kifaa kiwashwe, programu ifunguliwe, kisha akitoe nje ya mlango wa duka saa saba mchana. Akikatazwa, aende duka la pili. Asizimalize shilingi 45,000 zote kwenye kifaa, maana mwavuli, kigoda, waya na usajili havijalipiwa. Kama fedha hazifikii kifaa chenye mwanga wa kutosha, anunue mwavuli kwanza na kuazima simu ya mwalimu mwenzake kwa muhula huu. Bamvua kubwa huja mara mbili kila mwezi, mwezi mchanga na mwezi mpevu, na maji huwa yamekupwa kabisa kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo afike ufuoni saa tatu asubuhi, jua lingali upande, awape mgongo wanafunzi na kuanza kutazama juu.