Mpige picha, usimpige kofi!

Leo tuwaongelee wale jamaa wenye sindano mkiani. Mtaani kwetu kila mdudu mwenye mabawa na kiuno anaitwa nyigu, akionekana tu mtu anatafuta petroli na kiberiti. Majuzi jirani alitaka kuchoma kiota cha udongo kwenye fremu ya dirisha. Bahati nzuri mdogo wangu alikuwa keshampiga picha mwenye nyumba. Tukaikuza kwenye simu: mweusi, miguu ya manjano, kiuno kama uzi. Kumbe nyigu wa udongo! Huyo anaishi peke yake, anajaza buibui humo ndani wawe chakula cha wanawe, na mtu hamchomi mpaka umbane. Pazia lingeungua bure.

Sasa picha yenyewe usiifuate kiotani. Wanapolinda watoto ndipo wanapokuwa wakorofi. Mvizie kwenye ua, akila hana habari na wewe. Simama mbali, vuta kwa zumu, flashi zima. Asubuhi kukiwa bado baridi ndiyo poa, wanakuwa wazito. Usimpumulie nyuki, pumzi yetu inampandisha hasira. Yale marashi ya disko acha nyumbani, na fulana nyeusi pia. (Wale wa kujipiga selfi na mzinga, mimi simo!)

Piga kutoka juu, ubavuni na usoni. Mabawa na kiuno vionekane, maana picha ya doa la manjano hata mtaalamu atabaki kukuna kichwa. Nyuki ana manyoya na mwili umejaa, nyigu anang'aa kama kanyolewa. Ukimkuta kafa usimshike kwa vidole, sindano bado inachoma. Msogeze kwa kijiti kwenye karatasi nyeupe, weka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa.

Ila likiwa kundi la nyuki ukutani, picha moja kutoka mbali inatosha, kisha mtafute mfuga nyuki. Hawa wa kwetu Afrika wakichachamaa wanaweza kukufukuza zaidi ya mita 100. Usiwapungie mikono, kimbilia ndani ufunge mlango. Sindano ya nyuki ikibaki mwilini ikwangue haraka kwa kucha, maana inaendelea kusukuma sumu. Uso ukivimba au pumzi ikibana, hospitali mbio, usisubiri mtu akupake kitunguu.