Njia Haimo Katika Mauziano

Mkazi wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hakosi njia. Mitaa yake ilichorwa tangu enzi za utawala wa Wajerumani, ikakatana kama ukindu wa mkeka. Mtaa wa Congo ukisongamana, mpitaji hupinda kona akashika wa Sikukuu. Hatuwasifu waliochora, kwani nia yao ilikuwa kumweka Mwafrika mbali na makazi ya Wazungu. Hata hivyo, njia walizoziacha zingali zinatufaa.

Jiji lilipopanuka, mpango huo haukufuata watu. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na wakazi wapatao 270,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Wengi walijenga kandokando ya barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, kisha nyuma yake, kila mmoja juu ya kipande alichouziwa na mwenye shamba. Naye mwenye shamba huuza hadi mpakani. Ndiyo maana twakuta uchochoro unaokomea kwenye ukuta wa choo, na majirani wanaosikiana wakikohoa ambao, ili watembeleane, hawana budi kuzunguka hadi barabara kuu.

Anayeumia si mwenye gari peke yake. Ni mama aliyeshikwa na uchungu usiku, abebwaye kwenye kiti hadi lilipo gari. Ni familia inayotazama nyumba ikiteketea, na gari la zimamoto limekwama mbali. Tumewahi kushuhudia jeneza likipitishwa juu ya ukuta, wabebaji wakiomba radhi.

Siku hizi, katika urasimishaji wa makazi, wananchi huombwa kuchangia ardhi ya njia. Twaunga mkono. Lakini achangie nani? Tusikubali mstari upindishwe kumkwepa mwenye ukuta mrefu, uangukie kibanda cha mjane. Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka fidia kamili, ya haki na ya haraka kwa anayetwaliwa ardhi. Na kunyamaza mkutanoni si kuridhia. Ramani ibandikwe ofisi ya mtaa, isomwe mbele ya wote kabla ya mawe ya mpaka kusimikwa.

Kule Chanika na Bunju yangali mashamba yanayokatwa leo. Mwenyekiti wa mtaa asigonge muhuri kwenye hati ya mauziano isiyoonyesha njia, hata kama muuzaji ni rafiki yake.