Kisima Uani
Juma hili, nikiwa stendi ya Msamvu mjini Morogoro nasubiri basi la Dodoma, mvua ilinisukuma ndani ya kibanda cha kurekodia matangazo ya vipaza sauti, nikamkuta kijana, khanga zimepigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, akikata kwa makini pumzi za msemaji kwenye kompyuta kuukuu ya Linux. Programu yake ni Ardour, iliyoasisiwa na Paul Davis, ambayo toleo lake la 8 lilitoka mwaka 2023, na ambayo siri za utengenezaji wake zimeachwa wazi ili kila mwenye akili na bidii azisome na kuzirekebisha. Nduguye Audacity hugawiwa bure tangu mwaka 2000. Nami, ambaye hata redio yangu huitia betri kwa bismillahi, nilikumbuka kwamba mji huu ndio uliomlea Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979, enzi ambazo mwanamuziki aliyetamani santuri alielekeza macho Nairobi. Leo studio i mezani, lakini vijana wetu wengi hununua nakala za programu ghali zilizovunjwa kufuli, zikawaletea virusi pamoja na dhambi. Na mwenye kisima uani aibaye maji ya jirani hatumwi na kiu, kwani huo ni uvivu uliovaa kanzu ya umaskini. Basi langu lilipoingia, tangazo la kijana yule lilikuwa likisikika stendi nzima, na ndani yake hamkuwa na kitu cha wizi.