Sini ni mstari, ipimwe kwa rula

Wanafunzi wetu hukaririshwa kwamba sini ni upande mkabala gawanya kwa haipotenusi, wakaachwa hapo hapo. Walimu, tafadhalini, anzeni na bikari. Mtoto achore duara lenye kipenyo cha sentimita 10, aweke nukta popote pengine kwenye mzingo, aiunganishe na ncha zote mbili za kipenyo: hapo penye nukta pembe ni nyuzi 90, daima. Kipenyo kikihesabiwa kuwa 1, upande unaoikabili pembe ya ncha moja ndio sini yake, na ule mwingine kosini. Pembe ikiwa nyuzi 30, rula itasoma sentimita 5 kamili na karibu 8.7. Ptolemy wa Iskandaria, karne ya 2, alipanga jedwali zima la mistari ya namna hii, kwa kipenyo cha 120. Na ile kanuni inayowatoa jasho sekondari, kwamba miraba ya sini na kosini hujumlika kuwa 1, ni ya Pythagoras ileile waliyokwisha kuizoea.