Riwaya Imelala Karatu, Sisi Tunaitafuta Honolulu

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi nanyi, na mimi mwenyewe nimo.

Juzi mshikaji wangu wa hapa Karatu, tuliyemaliza naye kidato cha nne, kanipa muswada wake niusome. Shujaa wake ni binti wa Honolulu, Mmarekani wa wazazi Wakorea, mcheza gofu. Nikajua palepale: huyu ni Michelle Wie kabadilishwa jina. Sikatai, dada yule ana kisa. Mwaka 2005, siku chache kabla ya kutimiza miaka 16, aliingia gofu ya kulipwa, Nike na Sony wakammwagia fedha. Majeraha yakamwandama, wapo waliosema kwisha kazi, na mwaka 2014 akatwaa U.S. Women's Open. Lakini hadithi hiyo ina wenyewe, na wameshaiandika hadi basi. Jamaa yangu hajawahi hata kushika fimbo ya gofu!

Nikamwuliza, "Filbert Bayi unamjua?"

"Si yule mwenye shule?"

Nikaishiwa nguvu. Ndiyo, ana shule. Lakini kwanza ni mtoto wa Karatu hii hii, ambayo watalii wanaipita mbio kuwahi Ngorongoro. Kazaliwa 1953. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alichomoka mbele tangu mwanzo, akamaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia! John Walker, mwenyeji, alimkimbiza hadi kwenye utepe asimpate. Mwaka 1975, Kingston, akavunja na rekodi ya maili.

Dunia ikawa inasubiri Olimpiki ya Montreal 1976: Bayi na Walker. Bayi hakukimbia. Tanzania ilisusa pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39, taratibu kuliko Christchurch kwa sekunde 7. Bayi alipata fedha Moscow 1980, mbio za kuruka viunzi na maji. Na zama zile sheria za ridhaa zilimkataza mkimbiaji kulipwa kama Michelle.

Sasa niambieni, riwaya iko wapi? Kijana wa miaka 23, mwenye mbio kuliko wote, anaambiwa usikimbie, kwa ajili ya uhuru wa watu asiowajua. Mimi naona ususiaji ulikuwa wa haki. Lakini haki ile ililipiwa na miguu ya nani? Usiku ule alilala? Hayo rekodi hazisemi. Ndiyo kazi yetu. Mwaka 2022 kilitoka kitabu cha maisha yake, nacho kwa Kiingereza. Kijana wa kijiweni Karatu atakisoma saa ngapi?

Mtasema wasomaji wanataka bastola na majumba ya ng'ambo. Uongo! Ni sisi tunaoona haya kwetu. Nakiri: nilijaza madaftari mawili ya mpelelezi wa Chicago, mji nisioujua hata harufu yake. Mama kawashia moto, na ugali ukaiva vizuri tu.

Nimeanza upya, na Bayi. Anayebisha asinitukane. Aandike.