Nyota 9 za Tuvalu na bahari inayozizunguka

Anayeitazama bendera ya Tuvalu kwa mara ya kwanza hudhani nyota zake zimetawanywa ovyo. Zipo 9, za rangi ya dhahabu, juu ya kitambaa cha samawati, wala hazikupangwa kwa safu au kwa duara. Aliye na ramani ya Pasifiki akiigeuza mpaka mashariki ikae juu, ataelewa mara moja: kila nyota imewekwa mahali pa kisiwa chake, kuanzia Nanumea kaskazini-magharibi hadi Niulakita, kusini kabisa. Bendera hiyo ni ramani, na ndiyo maana inastahili kusomwa kwa makini zaidi leo kuliko siku ilipopandishwa.

Ilipandishwa tarehe 1 Oktoba 1978, siku ya uhuru. Kabla ya hapo Waingereza waliitawala Tuvalu pamoja na jirani zake kwa jina la Visiwa vya Gilbert na Ellice. Watu wa Ellice, Wapolinesia walio wachache, waliogopa kumezwa na Wagilbert. Kura ya maoni ilipopigwa mwaka 1974, watu 3,799 walitaka kujitenga. Waliopinga walikuwa 293 tu. Gilbert ikaja kuwa Kiribati, na Ellice ikawa Tuvalu.

Wageni wengi huishia kubishana kuhusu pembe ya juu, palipo na bendera ya Uingereza. Waziri Mkuu Kamuta Latasi aliiona kuwa alama ya ukoloni, na mwanzoni mwa 1996 taifa likapata bendera mpya yenye mistari ya buluu, nyeupe na nyekundu. Haikudumu. Latasi aliondolewa na Bunge mwishoni mwa mwaka huo huo, na Aprili 1997 serikali ya Bikenibeu Paeniu ikairudisha ile ya zamani. Mwaka 2008 wananchi walipoulizwa kama wanataka jamhuri, 1,260 walichagua kubaki na ufalme dhidi ya 679. Mtu anaweza kutokubaliana nao, lakini uamuzi ni wao na wameutoa.

Jambo zito zaidi katika kisa kile lilikuwa nyota moja. Bendera ya Latasi ilikuwa na nyota 8, kwa kuwa jina Tuvalu lenyewe linataja visiwa 8, vile vilivyokaliwa na watu tangu kale. Niulakita ilipata wakazi wa kudumu mwaka 1949 tu, walipohamia watu wa Niutao. Kwa hesabu ya jina, kufuta nyota ya tisa kulikuwa na mantiki. Kwa watu waliokuwa wakiishi pale, kisiwa chao kilikuwa kimetolewa kwenye ramani ya nchi yao.

Sasa bahari inatishia kuzifuta zote. Nchi kavu ya Tuvalu ni kilomita za mraba 26, na hakuna mahali panapofikia mita 5 juu ya usawa wa bahari. Novemba 2021, Waziri wa Mambo ya Nje Simon Kofe aliuhutubia mkutano wa tabianchi wa Glasgow kwa video akiwa amevaa suti, maji yamemfika magotini, na nyuma yake bendera ya nchi yake na ya Umoja wa Mataifa. Picha ilisambaa dunia nzima. Hoja yake ya kisheria haikusambaa kwa kasi hiyo, nayo ndiyo iliyohitaji kusikika.

Kwa kawaida mipaka ya bahari ya nchi hupimwa kutoka ufukweni. Vijisiwa hivyo 9 vinaipa Tuvalu haki juu ya zaidi ya kilomita za mraba 700,000 za bahari, na leseni za kuvua jodari humo ni nguzo ya bajeti yake. Ufukwe ukizama, nani atadai kwamba samaki hao hawana tena mwenyewe? Viongozi wa Pasifiki walitangaza mwaka 2021 kwamba mipaka yao itabaki pale pale hata maji yakipanda. Mwaka 2023 Tuvalu iliandika kwenye katiba yake kwamba dola yake ni ya kudumu. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kwamba kutoweka kwa kimojawapo cha vigezo vya dola si lazima kuondoe udola wenyewe.

Mkataba na Australia, ulioanza kutumika 2024, unawafungulia watu 280 kwa mwaka njia ya kuhamia huko, na zaidi ya theluthi ya raia walijiandikisha katika siku za mwanzo tu za awamu ya kwanza. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini mkataba huo pia unaitambua Tuvalu kuwa dola hata ardhi ikipotea, na kipengele hicho ndicho serikali nyingine, za Afrika zikiwemo, zinapaswa kukiiga mapema. Hakigharimu hata senti: ni kutamka kwa maandishi kwamba mipaka ya bahari ya Tuvalu haitahama, na kwamba kiti ilichokipata Umoja wa Mataifa mwaka 2000 kitaendelea kuwa chake.